Mimea ya shina kwenye tangi: chini inapukutika, juu inatoka myeupe. Shida ni nini?

mvuvi_wa_sebuleni

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wale wenye matangi ya mimea humu maana nimekwama kabisa. Nina tangi la lita 100, nipo Mbezi Beach, ndani kuna samaki wa guppy na platy, na konokono ambao sijui hata walitokea wapi. Nilinunua mimea ya shina kwa jamaa mmoja mjini, Rotala rotundifolia, Ludwigia repens na ile ya majani membamba wanaita ambulia. Ilikuja mizuri kinoma, majani yamekakamaa, Ludwigia nyekundu inang'aa, nikaipanda kwa mashada kama wanavyofanya youtube.

Haikuchukua muda majani ya chini yakalegea yakawa kama yameloweka, ukigusa yanabaki kwenye kidole, yakadondoka yote. Nikasema poa, inazoea mazingira. Sasa kinachonichanganya ni majani mapya ya juu, yanatoka madogo, ya njano inayoelekea weupe ila mishipa imebaki kijani, na Ludwigia ncha zimejikunja. Ambulia inarefuka ila imekonda, pingili na pingili zimeachana mbali. Halafu kwenye kingo za majani ya zamani na kwenye bomba la filta kuna mwani mweusi kama ndevu, hautoki hata ukivuta.

Taa ni LED nyeupe ya wati 30, naiwasha nikiamka nazima nikienda kulala. CO2 (ile gesi ya kaboni ya kulisha mimea) sina. Mbolea natumia ile ya maji ya chupa ya akwariamu, nafuata maelezo ya chupa. Maji ya bomba yakitoka natumia hayo, yasipotoka navuta ya kisima cha jirani. Chini kuna mchanga mweupe msafi kabisa. Swali langu, niongeze taa nyingine au nitie NPK (mbolea ya shambani) kidogo? Duka la pembejeo lipo hapo karibu tu na kifuko ni bei chee.

chui_mzee

Ongeza taa mkuu. Ikirefuka na kukonda hivyo ujue inatafuta mwanga. Mimi nilifunga taa mbili mambo yakanyooka.

fundi_tangi

Chui subiri kwanza, akifunga taa ya pili kwa hali hiyo baada ya muda mfupi atatuletea picha ya tangi la mwani.

Mvuvi, usiongeze chochote leo, wala taa wala NPK, hasa hiyo NPK nitakuja kuisema. Nijibu vitu viwili. Huo mchanga mweupe msafi umeutoa wapi? Na maji umewahi kupima? Kama hujawahi, nenda kwa wauzaji wa vifaa vya mabwawa ya kuogelea, wana vijiti vya kupimia, vina pH (kipimo cha asidi ya maji) na vina kipimo wanaita alkalinity, hicho ndo nakitaka. Na ukiwa jikoni chukua kijiko cha huo mchanga, ukaushe, uweke kwenye kisosi halafu mwagia siki, sikilizia na uangalie. Kama siki huna kamulia ndimu.

mvuvi_wa_sebuleni

Mkuu mchanga niliuchota ufukweni, nikauosha kwa maji ya moto mpaka chumvi ikaisha. Ngoja nikajaribu hiyo siki.

mvuvi_wa_sebuleni

Aisee. Nimemwaga siki povu limetoka, yaani unasikia kabisa chsssss, vipovu vinapanda kwenye kila chembe nyeupe, zile nyeusi nyeusi zimetulia tu. Vijiti nimepata pia, pH imegota rangi ya 8.2 na hiyo alkalinity inasoma kwenye 240. Ni mbaya?

fundi_tangi

Basi kesi tumeipata. Ni mbaya kwa Rotala, kwa guppy na platy ni raha tupu, wao maji magumu wanayapenda.

Hizo chembe nyeupe zinazotoa povu ni vipande vya makombe na matumbawe, yaani chokaa. Kuosha kunaondoa chumvi, chokaa haiondoki, inayeyuka pole pole kwenye maji kila siku unayolala na kuamka. Ukigawa 240 yako kwa 17.9 unapata kama 13, hiyo ndo KH, ugumu wa kaboneti kwa lugha ya watu wa matangi, na mimea ya shina ya kawaida ingependa uwe kwenye 3 mpaka 8 hivi. Na kisima cha jirani nacho sidhani kama kinasaidia, ukanda wetu wote huu umekalia mawe ya chokaa, kiwanda cha saruji pale Wazo hakikuwekwa kwa bahati mbaya.

Sasa twende dalili moja moja maana kila moja ina sababu yake na watu wanazichanganya.

Majani ya chini kuyeyuka mwanzoni: hiyo asilimia kubwa siyo kosa lako. Wakulima wa hii mimea wengi wanaiotesha nje ya maji, mizizi kwenye unyevu na majani hewani, ndo maana ilikuja imekakamaa na majani ya mviringo. Jani lililoota hewani halijui kuishi chini ya maji, mmea unalitupa unaota jingine jembamba na laini. Utaona hata Rotala, jani la hewani ni duara, la majini ni refu jembamba. Kwa hiyo ile mizuri uliyonunua ilikuwa lazima ipukutike, ulitakiwa kuangalia jani jipya linatokaje.

Na jani jipya ndo linatupa habari. Njano huku mishipa ikiwa kijani, tena kwenye ncha, hiyo mara nyingi ni chuma kukosekana. Kanuni ni hii: naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuvitoa jani la zamani ukavipeleka jani jipya, kwa hiyo njaa yake inaonekana chini kwanza, kwa mfano potasiamu ikipungua majani ya zamani yanatoboka vitundu vidogo. Chuma hakihamishiki kirahisi hivyo, kikikosekana jani jipya ndo linaumia. Sasa utaniambia mbona mbolea yangu ya chupa ina chuma. Ndiyo inacho, ila nyingi zinatumia chuma kilichofungwa na EDTA (kemikali inayokishika chuma kisigande, ndo wanaita chelate), na EDTA ikishavuka pH ya 6.5 mpaka 7 inaanza kukiachia, chuma kinaganda kinakuwa kutu isiyoliwa na mmea. Wewe upo 8.2, kwa hiyo unamwaga hela kwenye maji. Tafuta chuma cha DTPA, hiyo inavumilia mpaka kama 7.5, au cha EDDHA ambacho kinakaa hata kwenye maji magumu kabisa ila maji yatakuwa na wekundu wekundu kama umetia rangi, usiogope. Hivi vitu wanavyo wauza pembejeo wanaohudumia wakulima wa maua na mboga za greenhouse, uliza chelate ya chuma na usome kifuko kimeandikwa herufi gani.

Ila chuma peke yake hakitakuokoa kwa sababu shida ya pili ni kaboni. Maji yaliyotulia tu na hewa yana CO2 kama nusu miligramu kwa lita, watu wenye mitungi ya CO2 wanasukuma mpaka 20, 30. Maji yako kaboni imejaa tele ila ipo kwenye umbo la bikaboneti, na hapa ndo mimea inatofautiana. Vallisneria, hornwort, Egeria na jamaa zake wanaweza kula bikaboneti moja kwa moja. Rotala na Ludwigia ni mimea ya kinamasi, nusu mwaka ipo hewani, haikujifunza hiyo kazi, inategemea CO2 iliyoyeyuka basi. Nenda Ziwa Tanganyika maji yana pH karibu 9 na Vallisneria inaota humo vizuri tu.

Hao ndevu weusi na hiyo taa ya kutwa nzima ni kitu kimoja. Mwanga unaiambia mmea fanya kazi, kaboni haipo, mmea unasimama, mwani unachukua nafasi. Chui hapo juu ana haki kwamba mmea kurefuka na kukonda mara nyingi ni mwanga kutofika, lakini kwa Mvuvi ambulia imepandwa kwa shada moja zito, mashina ya katikati yanajiziba yenyewe. Punguza taa iwe masaa 6 au 7, nunua taima ya soketi ili usitegemee kumbukumbu.

chui_mzee

Sawa nimeelewa, mimi nina mtungi wa CO2 ndo maana taa mbili zilinilipa. Ningesema mapema.

mama_guppy_msa

Nami niongeze neno kutoka Mombasa, maana maji yetu na yenu ni ndugu, ya kisima hapa kwangu ukichemsha chai sufuria laota ukoko mweupe.

Kaka Mvuvi, kabla hujafikiria mitungi, kuna jambo moja watu hawalisemi. Joto. Tangi langu mwezi wa pili na wa tatu hufika 31 bila hita. Maji yakipata joto gesi yapungua ndani yake, na mmea wenyewe wataka chakula zaidi kwa sababu waenda mbio, hivyo waumia pande mbili. Mimi nimefunga feni mbili ndogo za kompyuta juu ya tangi zapuliza uso wa maji, zashusha digrii mbili tatu hivi. Lakini sasa tazama hapa, feni yashusha joto kwa kuvukiza maji, na kinachovuka ni maji matupu, chokaa yabaki ndani. Ukijazia kwa maji ya kisima kila jioni wazidi kuikoleza. Kujazia tumia maji ya mvua, au hata yale yanayodondoka kwenye eesii (kiyoyozi) ukiwa na hakika mfereji wake ni safi na si wa shaba, hayo ya eesii mimi kwa tangi lenye kamba wale wadogo wa majini siyatii.

Maji ya mvua ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote. Masika ikianza, wacha ile ya kwanza ioshe mabati, usikinge, yaja na vumbi, kinyesi cha ndege na zinki ya bati. Kinga ile ya baadaye. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji yako, KH yashuka nusu, hesabu ya darasa la nne. Lakini usibadili yote kwa siku moja, samaki wako wamezoea ugumu, wapeleke pole pole kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki.

Na ukishindwa kabisa, panda kinachopenda maji yako. Kwangu Vallisneria imejaa, hornwort naipunguza kwa makasi kila mara, Hygrophila difformis na Bacopa caroliniana pia zavumilia. Si lazima kila mtu awe na Rotala.

njoro_wa_nai

Niaje watu wa coast. Huku Nairobi story ni opposite kabisa, maji ya bwawa la Ndakaini ni laini sana, mvua ya milima ya Aberdare inapita kwa mawe ya volkano haichukui chokaa yoyote. Mimi ndo natafuta hiyo chokaa nyinyi mnaikimbia, ncha zikijikunja kwangu huwa ni calcium imekosa kweli, natia jipsamu kidogo na chumvi ya Epsom inakaa sawa. So Mvuvi chunga usiige dozi ya mtu wa Nairobi juu maji ni tofauti, tutakuulia samaki bure.

Lakini kuna kitu naeza kukusaidia nayo. Chuma huhitaji kupitisha kwa maji pekee, mimea ya shina ina mizizi pia. Chukua udongo mwekundu wa kuchimba chini kidogo, mahali hakuna samadi wala dawa ya shamba, kanda na maji kidogo, finyanga vitufe saizi ya maharagwe, anika jua mpaka vikauke kabisa. Sukuma kimoja chini ya kila shada, kina cha vidole viwili hivi. Huo wekundu ni chuma, na kule chini hewa haifiki, chuma inabadilika inakuwa ile mizizi inaeza kunywa. pH ya maji hapo juu haiingilii sana. Usisumbue mchanga baadaye tu juu utapata chai ya maziwa.

mvuvi_wa_sebuleni

Daah asanteni sana, hapa nimesoma mara mbili mbili. Sasa maswali, samahani ni mengi. Mchanga nitoe wote? Mtungi wa CO2 bei yake siwezi sasa hivi, nimeona watu wanatumia hamira na sukari, inafanya kazi kweli? NPK mbona mmeikataa wakati nayo ni mbolea? Na hii mimea iliyobaki uchi chini ndo nimeipoteza au?

fundi_tangi

Mchanga ndiyo, toa, hata kama inauma. Ukiubakiza utakinga mvua mwaka mzima na chokaa itakurudisha pale pale. Toa kwa awamu mbili, nusu tangi leo, nusu nyingine wiki zijazo, bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki wengine wanaishi humo, na filta usiioshe kipindi hicho. Weka mchanga wa mtoni wa kujengea, chekecha kwa chujio la nyumbani ubaki na chembe za milimita 1 mpaka 3, osha mpaka maji yatoke meupe, na kabla ya kuweka upigie siki. Hata wa mtoni upigie, huku pwani huwezi kuamini kwa macho.

Hamira inafanya kazi, ila ijue tabia yake. Chupa ya soda ya lita 2, vikombe viwili vya sukari, maji ya uvuguvugu mpaka robo tatu, hamira nusu kijiko cha chai, mpira wa oksijeni kwenye kizibo uliozibwa na gundi ya silikoni. Usiongeze hamira ukidhani gesi itakuwa nyingi, kwa joto la Dar itafumuka yote mapema halafu inakufa. Weka chupa ndogo tupu katikati ya mpira, ile pombe ikipanda idondokee humo isiingie kwa samaki. Ubaya wake ni kwamba haina swichi, usiku mimea haili CO2 ila chupa inaendelea kutoa, kwa hiyo washa pampu ya hewa usiku zima asubuhi. Na gesi ikipanda leo ikishuka kesho ndevu weusi wanafurahi sana, bora gesi kidogo isiyoyumba. Tengeneza chupa mbili, uzibadilishe kwa zamu, moja ikichoka nyingine iko njiani.

NPK sasa. Siyo kwamba ni sumu kwa mmea, ni sumu kwa samaki wako. Naitrojeni ya NPK nyingi, na ya urea, na nusu ya ile ya CAN (mbolea nyingine ya shambani), ni amonia au inageuka amonia. Na kwenye pH ndogo amonia inakaa katika umbo lisilo kali sana, ila kwenye 8.2 na digrii 30 ile kali inayochoma mashavu ya samaki inaongezeka sana. Yaani tangi lako ndo baya kuliko yote kujaribia. Naitrojeni unaipata kwenye naitreti ya potasiamu, inauzwa kwa wakulima wa mbogamboga, gramu 1 kwenye lita 100 inapandisha naitreti kama miligramu 6 kwa lita na potasiamu inakuja humo humo. Anza na gramu 1 kwa wiki, guppy wako nao wanachangia mbolea yao. Mizani ya dhahabu ya mfukoni inatosha, usipime kwa kijiko.

Mimea uliyonayo hujaipoteza. Subiri mpaka ncha ziwe zimetoa jozi tatu nne za majani yenye rangi, ndo ukate. Kata juu, sentimita 8 mpaka 10, makasi makali, chini kidogo ya kifundo (pale majani yanapoota), halafu toa majani ya kifundo cha mwisho kwa kucha, mizizi itatokea hapo hapo. Panda shina moja moja kwa kibano, siyo shada, acha nafasi ya kidole kati ya shina na shina ili mwanga ufike chini. Utaona kinachotokea ukiwa umeingiza kibano: ukikitoa wima shina linakufuata juu, kwa hiyo kilaze kidogo, kiachie, ndo ukivute kwa pembeni. Ile sehemu ya chini iliyobaki uchi ikiwa bado ngumu iache, itachipua pembeni matawi mawili, ikiwa laini na nyeusi ng'oa.

mama_guppy_msa

Na vipande unavyovikata kaka usivitupe mtaroni wala mtoni, vianike juani vikauke ndipo uvitie kwenye taka. Gugumaji lililojaa Ziwa Victoria asili yake Amerika Kusini, nalo liliingia Afrika kwa mikono ya watu kwa kuwa ua lake zuri.

mvuvi_wa_sebuleni

Nimeelewa dada. Jumamosi natoa mchanga nusu. Swali la mwisho kabisa, ile Ludwigia itarudi kuwa nyekundu kama ilivyokuja?

fundi_tangi

Wekundu uje wa mwisho. Ukishaona jani jipya ni pana, la kijani safi na halijajikunja, hapo chuma na kaboni vimekaa, ndo uanze kupandisha mwanga nusu saa nusu saa huku unaangalia mwani. Ludwigia repens kwenye mwanga mzuri inapata wekundu chini ya jani kwanza, juu inafuata. Rotala yako itaishia kuwa na ncha za pinki tu, rotundifolia ndivyo ilivyo, wale waliokuonyesha nyekundu tupu youtube wana mtungi na maji laini.

njoro_wa_nai

Na camera settings pia, usisahau hiyo.

chui_mzee

Hahaha. Mvuvi mimi nipo Tegeta, nina hornwort inafunika tangi zima, pita uchukue bure uweke wakati unasubiri hayo mengine, inakula amonia na kuwapa mwani ushindani. Ila njoo na ndoo yenye kifuniko, bodaboda wa huku wanakimbia.